Pengo la Wimbo wa Tatu

Mwezi uliopita niliweka hapa orodha ya albamu tano mpya za jazi. Nne sina neno nazo. Ile ya mama wa piano, anayepiga kama mtu anayeosha vyombo huku amenuna, isikilize. Ile ya ndugu watatu wa tarumbeta isikilize pia, ila wimbo wa mwisho uruke, wameamua kuimba na hakuna aliyewaomba. Ile ya besi tupu, dakika arobaini za besi, ipe nafasi, lakini usiisikilize ukiwa na njaa. Ile ya wanafunzi wa chuo ina kelele, ila ni kelele zenye akili.

Ya tano niliiweka namba moja. Ni ya Koti. Kama hufuatilii jazi, Koti ni yule mpiga saksafoni anayevaa koti jeupe hata jua likiwa linayeyusha lami. Albamu yake ilitoka kwanza mtandaoni, santuri ikafuata baadaye. Wimbo wa tatu una saksafoni inayoshuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani, polepole, ngazi kwa ngazi, na ikifika noti ya chini kabisa, ile ambayo sikio lako limeshaisubiri, inanyamaza. Kimya. Halafu inaruka juu. Niliandika, na radhi kwa kunukuu upuuzi wangu mwenyewe: "Pengo hili ni ujasiri wa msanii aliyekomaa, anayejua kwamba noti isiyopigwa nayo ni noti."

Watu walipenda sana. "Umenena kaka." "Umetufungua masikio." Nikatembea siku tatu kichwa kimevimba.

Sasa sikiliza. Noti ile haikuachwa kwa ujasiri. Iliachwa kwa sababu mpigaji hana kidole. Na mpigaji si Koti.

Mpigaji ni fundi. Wanamuziki wote wa hapa wanamwita Tisa, kwa sababu ana vidole tisa, na wanamuziki si watu wa kuficha maneno. Ana miaka hamsini na sita. Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, kati ya mchonga funguo na saluni ya binti yake. Ukiingia unakutana na saksafoni zimening'inizwa miguu juu kama kuku waliochinjwa, harufu ya gundi ya moto, makopo ya springi ndogo kama kope, na Tisa mwenyewe, miwani imefungwa na uzi, hakuangalii usoni. Anaangalia ulichobeba.

"Imeanguka," atakwambia kabla hujafungua mdomo.

"Hapana, mzee, haijaanguka, imeanza tu yenyewe..."

"Imeanguka. Na aliyeiangusha ni wewe. Lete."

Kazi yake ni kuziba upepo. Saksafoni ina matundu, kila tundu lina kifuniko, na kila kifuniko kina pedi ya ngozi chini yake. Pedi ikikauka au ikipinda unywele mmoja tu, upepo unavuja na noti inakohoa. Tisa anachukua kikaratasi chembamba, anakiweka chini ya pedi, anafunga kifuniko, anakivuta taratibu. Kikitoka kirahisi, hapo panavuja. Anafanya hivyo tundu kwa tundu, kila upande wa tundu, na hana haraka hata kama mwenye mali anahema mgongoni mwake.

Akimaliza, anaijaribu. Hapa ndipo penyewe. Kila fundi wa saksafoni ana kipande chake cha kujaribia. Wengi wanapanda ngazi na kushuka, basi. Tisa ametunga chake. Amekipanga ili kipite kwenye kila pedi, na kwa mpangilio ambao pedi mbovu haina pa kujificha: polepole mahali ambapo pedi huwa zinadanganya, haraka mahali ambapo springi huwa zinachoka. Miaka thelathini anapiga kipande hicho hicho, sekunde hamsini, kila siku, kwenye saksafoni za watu wengine. Yeye mwenyewe hana saksafoni. Kinyozi hajinyoi.

Ila kuna vifuniko vya chini kabisa ambavyo vinafungwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, na hicho ndicho hana. Kwa hiyo akifika hapo anasimama, anagonga ukuta wa mbao.

"Mwanangu! Njoo unikopeshe kidole!"

Binti yake, msusi, anaacha kichwa cha mteja kikiwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, anaingia, anabonyeza kibonye cha vifuniko hivyo kwa kidole chenye mafuta ya nywele, baba anapuliza, noti ya chini inatoka kama ng'ombe, wanatazamana, anarudi kwa mteja. Amefanya hivyo tangu alipokuwa hafiki juu ya meza. Akiwa hayupo, Tisa anaruka tu. Ananyamaza pale, kisha anaendelea juu.

Umeshanielewa. Lakini subiri.

Kidole kilienda akiwa na miaka ishirini na tatu. Mchana alikuwa kiwanda cha bati, jioni alikuwa mpiga saksafoni wa bendi ambayo ilikuwa imepata nafasi ya kurekodi. Wiki mbili kabla ya kurekodi, mashine ya kukunja bati ikamla kidole. Bendi ilimletea pole hospitali, wakamletea matunda, wakarekodi na mtu mwingine. Yule mtu mwingine jina lake liko kwenye santuri mpaka leo. La Tisa haliko popote. Hakuna mkanda, hakuna picha, hakuna tangazo la ukutani. Marehemu mkewe alimkuta akiwa fundi na hakuwahi kumsikia akipiga wimbo mzima.

"Nimeshika karibu kila saksafoni ya mji huu," aliniambia siku moja, bila kujionea huruma, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. "Hakuna hata moja itakayosema nilikuwepo."

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Koti alikuwa na siku tatu za studio. Siku ya pili saksafoni yake ilikuwa kwa Tisa, na makubaliano yalikuwa Tisa aipeleke studio asubuhi. Akaipeleka. Saa nne kasoro alikuwa ameshafika, maana Tisa ni mtu wa saa. Koti hakuwepo, maana Koti si mtu wa saa. Mpiga besi na mpiga ngoma walikuwepo, wanajinyoosha, na mtu wa mitambo alikuwa anapima maiki.

Tisa hakabidhi kitu ambacho hajakijaribu mahali kitakapofanyia kazi. Hewa ya duka si hewa ya studio, ndivyo anavyosema. Akaitoa kwenye sanduku, akapiga kipande chake. Mpiga besi akamfuata kwa mchezo tu. Mpiga ngoma akashika brashi zake za kupigia. Tisa akakiona kitu kinamjia, akarudia kipande, safari hii hakukimbilia mwisho. Akakizungusha, akakipindua, akafika pale chini, hakuna binti, akanyamaza, akaruka. Dakika nne. Kisha akaifuta saksafoni kwa kitambaa, akasema, "Haivuji," akaondoka kuwahi pedi alizokuwa ameziacha kwenye gundi.

Maiki zilikuwa wazi. Mtu wa mitambo alikuwa anarekodi, kama wote wanavyofanya wakipima sauti.

Miezi minane ikapita. Albamu ikatoka. Nikaandika uhodari wangu. Msusi akawa saluni anamsuka mteja mmoja anayependa jazi, mteja akasema hebu tusikilize hii namba moja kwenye orodha ya huyu kijana anayeandika mtandaoni. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukaanza kushuka, na msusi anasema mkono wake wa kulia uliachia nywele wenyewe, kidole kikanyooka hewani kubonyeza. Wimbo ulipofika pale, kimya.

"Hapo ni pa kidole changu," akasema.

"Nini?" mteja akauliza.

"Kaa hapo hapo. Usiguse kichwa."

Akatoka na simu ya mteja, akaingia kwa baba yake, akaiweka mezani katikati ya springi. Tisa alikuwa na bisibisi mdomoni. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaitoa bisibisi.

"Ile pedi ya ubavuni nilikuwa nimeiweka vizuri," akasema.

"Baba! Ni wewe!"

"Najua ni mimi."

"Sasa mbona umekaa?"

Ndipo nikapokea ujumbe. Sina hakika kama niliwahi kutukanwa kwa adabu vile: "Wewe uliyeandika habari za pengo. Njoo dukani kwa baba yangu uoneshwe pengo lenyewe."

Nikaenda. Nikaoneshwa mkono. Ikaazimwa saksafoni ya mteja, nikapigiwa kipande mara mbili, mara moja na binti, mara moja bila binti. Ukishasikia huhitaji hakimu. Nilikaa kwenye kigoda nikiwa mdogo kama ile springi.

"Unataka nini, mzee?" nikamuuliza. "Tuwashitaki?"

"Kumshitaki nani? Mimi nataka jambo moja." Akanyoosha kidole kwenye simu. "Nimeambiwa wanachapa santuri. Nyuma ya jalada wanaandika kila wimbo nani kapiga nini. Waandike hapo kwenye wa tatu. Saksafoni, halafu jina langu. La cheti cha kuzaliwa, si Tisa. Basi."

"Hilo tu?"

"Wewe unaliita hilo tu."

Binti akadakia kutoka mlangoni, sega mkononi: "Na jalada linaenda kwa mchapaji Jumatatu ya wiki ijayo, nimeshauliza. Kwa hiyo usituandikie mashairi. Fanya kitu."

Tukaenda studio, sisi watatu, mchana wa siku ya pili yake. Mtu wa mitambo ni mtu mpole, mwenye kitambi na macho ya kukosa usingizi. Alipomwona Tisa tu, akafunga mlango wa ndani.

"Mzee wangu, shikamoo. Nilijua utakuja. Nimekaa miezi minane nikijua utakuja."

Akafungua kompyuta, akatuonesha. Faili imeandikwa "kupima sauti", saa nne na dakika saba asubuhi. Koti aliingia studio saa sita kasoro, kila mtu wa pale anajua, maana walikuwa wameshakunywa hata chai aliyowekewa.

"Kwa nini hukusema?" msusi akamuuliza.

"Nilisema, dada. Nilimwambia Koti, huyu ni fundi wako. Akasikiliza mara tatu, akaniambia, saksafoni ya nani? Nikasema yako. Bendi ya nani? Yako. Akasema, basi ni wimbo wangu."

"Na mpiga besi? Mpiga ngoma?"

"Wale wana safari na Koti mwaka mzima. Wewe ungesema?"

"Ningesema," msusi akajibu.

"Wewe una saluni yako." Akamgeukia Tisa. "Mzee, mimi nimekuonesha wewe kwa sababu ni haki yako kuona. Lakini akiniuliza mtu mwingine, sijui lolote. Studio si yangu. Nimeajiriwa."

Tisa akaitikia kwa kichwa. Mimi, kwa akili zangu, nikaona tumeshashinda. Nikarudi nyumbani nikaandika yote hapa jioni ile ile, kabla hata chai haijapoa. Sikusubiri nakala ya faili, sikumwomba mpiga ngoma hata neno moja pembeni, sikumwuliza Tisa kama yuko tayari. Nilikuwa na kweli mkononi, na nilidhani kweli inatosha. Haraka haraka, mnajua wenyewe.

Kesho yake mtu wa mitambo akaandika kwamba hajui lolote, kama alivyoahidi. Mpiga besi akaandika alama ya kicheko. Na ninyi wasomaji wangu, wale wale wa "umetufungua masikio," mkaandika mliyoandika. Fundi gani huyo anatafuta umaarufu uzeeni? Vidole tisa apige jazi, mwenye kumi afanye nini? Mmoja aliandika kwamba hata fundi gari anaweza kudai alishinda mashindano. Mlipata vicheko mia tatu kwa hilo. Nimehesabu.

Koti hakunitukana. Koti ni mjanja kuliko sisi wote. Alienda dukani mwenyewe, na koti lake jeupe, akasimama katikati ya zile saksafoni zilizoning'inia, wateja wawili wakiwepo.

"Mzee wangu. Kwa nini tuandikiane mitandaoni kama watoto? Si ungenipigia simu?"

"Simu yako nimepiga mara nne," Tisa akasema.

"Nimebadilisha namba. Yameisha hayo. Jumamosi saa tisa mchana tunazindua albamu ukumbini. Njoo. Upande jukwaani, upige wimbo wa tatu, watu wasikie. Ukiupiga, naandika jina lako mwenyewe, kwa mkono wangu, na jalada linaenda Jumatatu likiwa nalo. Mbele ya mashahidi hawa."

"Kwa saksafoni ipi?" msusi akauliza.

"Baba yako hana yake, si ndiyo? Basi yangu. Ile ile."

Alipotoka msusi akasema, "Baba, huyu amekutegea."

"Amenitegea nini? Kipande changu mwenyewe?"

"Sijui. Lakini mtu hakupi kitu huku anacheka namna ile."

Siku nne zile Tisa alifunga duka saa kumi na kuazima saksafoni ya mteja, kwa ruhusa. Msusi anasema alikuwa anasikia kupitia ukutani: anaanza vizuri, anafika katikati, anasimama. Anaanza tena, anasimama. Alipoingia kumwuliza, alikuta saksafoni imefunguliwa vifuniko na baba ameinama juu yake na kikaratasi.

"Nilidhani unajifunza wimbo."

"Hii ya huyu bwana ina springi mbili zimechoka. Hawezi kuisikia, lakini imechoka."

Hapo ndipo tulipaswa kujua. Hatukujua.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, feni zinazozunguka bila kusaidia mtu, watoto wa chuo na saksafoni zao mgongoni. Baada ya nyimbo mbili Koti akashika maiki, akasema kuna mzee wetu mmoja, fundi wetu sote, anasema wimbo unaofuata ni wake, na sisi tunaheshimu wazee, karibu. Watu wakapiga makofi yale ya kumpigia mtoto anayesoma shairi.

Tisa alipanda na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakatika mistari. Akapokea saksafoni kwa Koti. Akaikagua kidogo kwa macho, mazoea. Akapuliza.

Jamani. Sekunde ishirini za kwanza ukumbi ulinyamaza, na si kwa adabu. Mpiga besi aliyetuma kicheko mtandaoni aliinua kichwa. Ilikuwa ile ile, ila hai zaidi, na Tisa alikuwa amefumba macho. Msusi alikuwa amenishika mkono na kucha zake zimeingia. Pembeni yetu dada mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kwani si kweli basi?"

Kisha Tisa akafumbua macho. Akapiga noti moja tena. Akaipiga mara ya tatu. Mpiga besi akasubiri, akazunguka palepale, akidhani ni mtindo.

Tisa akaitoa saksafoni mdomoni.

"Samahani," akasema kwenye maiki. "Inavuja."

Akapiga goti. Mbele ya ukumbi mzima, mzee wa watu akapiga goti, akalaza saksafoni juu ya paja, akatoa bisibisi kwenye mfuko wa shati na kile kikaratasi anachokihifadhi nyuma ya kitambulisho chake, akaanza kuvuta, tundu kwa tundu. Kicheko kilianza nyuma, kwa wanafunzi, kikaja mbele kama maji. Mtu akapaza sauti, "Fundi, na feni hii uiangalie!" Msusi akasimama juu ya kiti.

"Baba! Endelea! Piga tu!"

Hakusikia. Ninyi hamjamwona akifanya kazi, mimi nimemwona. Akishakutana na pedi mbovu, ukitaka umwage maji kichwani mwake. Mpiga besi aliacha kupiga. Mpiga ngoma akaangalia viatu vyake. Koti alikuwa pembeni, mikono nyuma, mvumilivu kama mtu anayesubiri basi analojua litakuja.

Ilichukua dakika mbili. Akakaza skrubu, akajaribu juu, akajaribu chini, noti zikatoka safi, akasema "ehee" peke yake. Akatoa kitambaa, akaifuta mwili mzima kuanzia shingoni mpaka kwenye kengele, ule mdomo wake mpana. Akasimama. Na sasa, ninaapa, hakuna aliyemwambia, hakuna aliyemsukuma: akageuka, akamkabidhi mwenye chombo.

"Tayari," akamwambia Koti. "Jaribu."

Miaka thelathini. Ukimaliza unafuta, ukishafuta unakabidhi. Nilimwona usoni sekunde ile mkono wake ulipobaki mtupu. Alijua. Mkono ulijaribu kurudi, lakini Koti alikuwa ameshapokea, tena kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akainama kidogo.

Koti akaupiga wimbo wote. Alikuwa ameukariri noti kwa noti. Akashuka ngazi zote, akafika pale chini, akiwa na vidole kumi vizima, akanyamaza. Akaruka juu, na watu wakasimama wakipiga kelele, na baadhi walikuwa wanalia, na sitawalaumu, maana ni kitu kizuri.

Tisa aliusikiliza mpaka mwisho akiwa palepale jukwaani, kando ya spika, bisibisi mkononi.

Santuri imetoka wiki hii. Jalada zuri, karatasi nzito. Nyuma, wimbo wa tatu, saksafoni: Koti. Ukishuka chini kwenye shukrani, baada ya mpiga picha na mwenye ukumbi, kuna mstari unaosema asante kwa mzee Tisa kwa matengenezo ya saksafoni. Koti mwenyewe alimtuma mtu alete nakala dukani, na ujumbe kwamba kuanzia sasa vyombo vyote vya bendi vitatengenezwa pale. Wanafunzi wa chuo nao wameanza kuja na saksafoni zao, wanasimama mlangoni wanajifunza kuruka ile noti. Mmoja amemwambia kifuniko cha chini kimekwama, lakini akiache tu, siku hizi hakitumiki.

Nilikuwepo msusi alipousoma ule mstari. Aliusoma kwa sauti, akalitupa jalada juu ya meza, makopo yakaruka.

"Sijawahi kukuuliza," akasema. "Leo nakuuliza. Ungemaliza kwanza, baba. Dakika mbili zilikuwa zimebaki. Ungemaliza, halafu uitengeneze mpaka kesho ukitaka. Kuvuja kwenyewe nani angesikia?"

"Mimi."

"Wewe peke yako! Ukumbi mzima, wewe peke yako!"

"Sasa ulitaka nimpigie nani kitu kibovu?"

"Mimi!" Akajigonga kifuani. "Ungenipigia mimi. Mimi ningekichukua hivyo hivyo kinavyovuja."

Tisa alisimamisha kopo lililoanguka. Akavua miwani, akaanza kukaza ule uzi. Mteja wa saluni akaita kutoka upande wa pili kwamba dawa inamuunguza kichwa, msusi akafuta macho kwa kiganja, akatoka.

Kwenye orodha yangu nimefuta jina la Koti nikaandika la Tisa, lile la cheti. Mmeshanitukana kwa hilo. Nami nimemwonesha kwenye simu. Alilitazama, akaniuliza kama kwenye mtandao kitu kikishaandikwa kinaweza kufutwa. Nikamwambia ndiyo, mzee, kinaweza.

"Basi," akasema, akanirudishia simu.